Nyumba ya Kumi ya Kakenya

Mwaka wa 2001 Nairobi ilijaa wasanifu majengo wasio na jengo la kusanifu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Wewe unayesoma leo umezoea kuona kreni kila kona, utadhani natia chumvi. Ofisi niliyokuwamo ikielekea kufungwa, nilitembea nyingine thelathini na moja, mrija wa ramani mgongoni, viatu vikiisha upande mmoja. Kila geti lilikuwa na kibao cha HAKUNA KAZI. Kibao kimoja kule Hurlingham kilikuwa na herufi safi sana, zimepimwa kwa rula, nikajua kabisa kilichorwa na msanifu mwenzangu ambaye hakuwa na kitu kingine cha kufanya siku hiyo.

Ofisi moja ya Upper Hill, msichana wa mapokezi alikunjua michoro yangu akaiangalia polepole. Akaniuliza mbona ngazi yangu imepinda kabla ya kufika ghorofa ya pili. Swali zuri. Nikamuuliza amejuaje mambo ya ngazi.

"Nilimaliza chuo miaka miwili kabla yako," akasema. "Hapa nashika simu. Hata hiyo simu hailii."

Celine tuliyesoma naye darasa moja alikuwa anauza bima. Kitonga, aliyetushinda sote kwa mkono wa kuchora, alikuwa Kware kule Rongai akichora matatu, na ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa na wateja wa kupanga foleni. Alinipa brashi nijaribu. Nilichora tai, mwenye gari akaja akauliza huyo kuku ni wa nini. Mimi niko na hasira za karibu, nikamrudishia Kitonga brashi yake nikaondoka bila kuaga.

Lakini shida yangu haikuwa mshahara peke yake, na nitaieleza vizuri ili usinione mtu wa tamaa. Ukimaliza chuo cha usanifu bado wewe si msanifu. Unafanya kazi miaka miwili chini ya msanifu aliyesajiliwa, naye anakutilia sahihi kazi moja moja katika kitabu. Changu kilikuwa cha kijani. Kikijaa, unafanya mtihani, unasajiliwa, unapata muhuri wako. Kisipojaa, na mkubwa wako ameondoka, unatafuta mkubwa mwingine na unaanza upya. Na wakubwa wote mjini, nimeshasema, walikuwa wameandika vibao.

Mkubwa wangu aliitwa Ishmael Achola. Aliniajiri tukiwa watu kumi na wanne. Kila mwisho wa mwezi mmoja alienda, tukanunua keki, tukanywa chai ya kuagana, mpaka keki zikatuchosha. Mwishowe tukabaki yeye, mimi na birika. Siku moja mwezi wa kumi akaniita. Meza za kuchorea zilikuwa zimeshauzwa, viti virefu vilikuwa vimechukuliwa na saluni ya jirani, kwa hiyo tuliongea tumesimama.

"Nyara," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita, binti yangu kwa Kijaluo, tangu siku ya kwanza. "Nimepata kazi Gaborone. Ijumaa ya pili ya Desemba napanda ndege."

"Na kitabu changu?"

Akakifungua. Kurasa zote zilikuwa na sahihi yake isipokuwa moja, ya kusimamia mjengo kwenye saiti. Miaka miwili tulichora, lakini hakuna aliyejenga. Nikamwambia basi mzee, tia tu, nani atajua.

"Mimi nitajua. Nitafutie mjengo, wowote, ulioupima na kuusimamia wewe. Ukifika lenta niite, nije nione, nitie sahihi. Sitii sahihi kwa hewa."

Lenta ni ile boriti inayolala juu ya mlango na dirisha, ikibeba ukuta wa juu. Nikamuuliza, hata nyumba ya kuku?

"Kuku hawana lenta," akasema, akanirudishia kitabu.

Nilikuwa na wiki tisa.

Nikahamia Kitengela kwa shangazi yangu, Aunty Phylis, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai na muthokoi, yale mahindi yetu Wakamba ya kukobolewa, kando ya barabara ya Namanga. Aunty hakujua kunyamaza. Kila mteja aliyeketi aliambiwa kabla ya kuagiza, "Huyo msichana unaona anaosha vikombe ni akitekti." Niliona aibu mpaka nikataka kujifungia stoo. Lakini mdomo wa Aunty ulifanya kazi ambayo mrija wangu ulishindwa. Wiki ya tatu aliingia mzee mmoja wa Kimaasai, mrefu, shuka safi, kofia ya kauboi.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu. Kimaasai changu chote kiliishia hapo.

Aliitwa Kakuta, wa Kisaju, mbele kidogo ukielekea Kajiado. Alikuwa ameuza kipande cha shamba, na hakutaka pesa iende njia ya pesa za jirani yake, aliyenunua pikapu akaiangusha Kiserian ikiwa imejaa bia. Alitaka nyumba ya mawe. Alitaka ikae karibu na barabara, ionekane na kila anayepita kwenda Namanga. Na alitaka masta. Mtu aliyenunua hilo shamba alimkaribisha kwake Nairobi, akamwonyesha chumba kikubwa cha baba mwenye nyumba, na choo chake humo ndani, na mzee tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Nilichora siku nne kwenye meza ya muthokoi. Chumba cha mzee nilikipa madirisha mawili na mandhari ya vilima. Nikapeleka ramani ofisi za baraza Kajiado, nikangoja wiki mbili kupigiwa muhuri, na kila siku ya kungoja nilihesabu na vidole. Muhuri ulipotoka zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku moja. Zingetosha, kama hakuna mtu angenichezea.

Alhamisi nikaenda Kisaju na Masila, fundi wa mawe, Mkamba mwenzangu, mtu wa maneno machache na kofia ya Mwaka Mpya aliyoivaa mwaka mzima. Tukapima, tukadunga vigingi, tukafunga kamba. Palikuwa kwenye udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, kwa hiyo ilibidi tuchimbe kwenda chini sana kabla ya kukuta kitu kigumu. Nililijua hilo, nilikuwa nimelichora, na Masila alikuwa amewaita vijana wanane wa kuchimba. Mzee Kakuta alisimama ndani ya zile kamba, pale masta itakapokuwa, akatabasamu peke yake.

Jumamosi asubuhi tukarudi na majembe. Kigingi hakuna. Kamba hakuna. Hata mashimo ya vigingi yalikuwa yamefukiwa kwa mguu.

Mama mmoja akatoka ndani ya boma akatukaribisha chai. Ndiye Kakenya, mke wa mzee. Nilikuwa nimemwona Alhamisi kwa mbali, nikampungia mkono, nikaendelea na kazi yangu. Tukaketi nje ya nyumba yake, akatumiminia chai ya maziwa matupu, tamu sana, na Masila akanywa kikombe cha kwanza kabla sijapoza changu. Nikauliza kwa heshima kama kuna mtu ameona vigingi vyetu.

Kakenya akanyoosha midomo kuelekea motoni. Chini ya sufuria, kati ya majivu, kulikuwa na kipande cha mbao na msumari wangu bado umesimama juu yake.

"Hiyo mti ilikuwa kavu," akasema. "Nzuri kwa chai."

Sasa, kuna watu wanaoweza kulipokea jambo kama hilo. Mimi nilisimama nikaongea. Nilisema nimepima siku nzima, nilisema niko na muhuri wa Kajiado, nilisema mzee mwenyewe ndiye aliyeniita na vijana wanane wako hapa na jembe mkononi. Sauti ilinipanda mpaka mbuzi wakaondoka. Masila aliangalia ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeona kitu huko.

Kakenya alingoja nimalize. "Mzee anaweza kuita mtu," akasema. "Nyumba ni ya nani?"

Nikamgeukia mzee Kakuta. Alikuwa amesimama karibu na zizi, akiwaangalia ng'ombe ambao alikuwa amewaangalia miaka yote.

"Mzee, waambie."

"Nyumba ni yake," akasema bila kugeuka. "Mimi niko na ng'ombe. Niko na boma. Nyumba ni ya mama. Nilifikiri mtu wa hii kazi anajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ile masta ilikuwa nzuri," akasema kwa sauti ya chini.

Kakenya akaniambia nilete karatasi. Hakuwahi kwenda shule, na nimeonyesha ramani watu wenye digrii wakaishika juu chini, lakini yeye aliitandaza kwenye goti akaisoma kwa kidole. "Hapa mlango. Hapa moto. Hapa watoto." Kidole kikafika kwenye masta kikasimama. "Na hapa?"

"Chumba cha mzee."

Alicheka mpaka akafuta macho na shuka. "Mzee hana chumba. Mzee ni mgeni. Anakuja kwangu, namfungulia, nampa maziwa, analala. Siku nyingine simfungulii." Hata mzee Kakuta kule zizini mabega yalimtetemeka kidogo, ingawa alijizuia.

Kisha akakunja ramani vizuri akanirudishia. "Wewe umejenga nyumba ngapi?"

Swali la kazi. Nilikuwa nimelijibu ofisi thelathini na moja. Nikamtajia chuo, miaka sita. Nikamtajia ofisi ya Achola, miaka miwili. Nikamtajia benki niliyoichorea ngazi.

"Sikuuliza hiyo. Umejenga ngapi?"

Nikafikiri. "Hakuna," nikasema.

"Mimi tisa," akasema, akaniongezea chai.

Nyumba za Wamaasai hujengwa na wanawake. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni, mwaka wa pili, nikalijibu kwenye mtihani na nikapita vizuri. Halafu nikachora nyumba ya Kisaju siku nne kwa maneno ya mwanaume.

Nilifika Kitengela nikiwa nimevimba. Nikamwambia Aunty Phylis yote, nikitarajia huruma.

"Hasira hasara," akasema huku akichagua mahindi. "Huyo mama ulimuuliza anataka kupika wapi?"

"Nimemwekea jiko zuri, liko na dirisha kubwa."

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Aunty hakusema kitu kingine, na kwa Aunty hiyo ni adhabu kubwa.

Jumatatu nikarudi Kisaju peke yangu, bila ramani, bila mrija. Mvua ilikuwa imenyesha Jumapili na Kakenya alikuwa juu ya paa lake akiziba pale ilipopenya. Nikamsalimia, nikamwita Yieyo, mama, nikamwambia nimekuja kuuliza. Akaniangalia kutoka juu. Akaniambia niingie ndani nimletee lile karai. Mlango ulikuwa mfupi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama, nikagonga kichwa hata hivyo, kwenye mti mweusi uliolala juu ya mlango. Nikasikia akicheka huko juu.

Karai lilikuwa na samadi ya ng'ombe na udongo. Akanionyesha jinsi ya kupaka, kiganja wazi, kutoka chini kwenda juu. Nilipaka Jumatatu, nikapaka Jumanne, nikapaka Jumatano asubuhi. Jumanne jioni Aunty alinipa chakula nje. Nilijua wiki inaisha na ndege ya Achola haingoji mtu, na usingizi sikupata, lakini nilikuwa nimegundua kwamba nikiuliza swali nikiwa nimesimama na karatasi sijibiwi, na nikiuliza nikiwa na samadi mpaka kwenye kiwiko najibiwa yote.

Mlango unaupa upepo mgongo. Moto unakaa mahali mama anaona mlango na watoto pamoja. Ndama mchanga yuko na kona yake, na hata nyumba ya mawe itamhitaji. Na kule barabarani mzee alikopenda, Kakenya hangejenga hata banda.

"Hiyo udongo inatembea," akasema. "Mvua ikikuja inatembea, jua ikikuja inarudi. Mimi sijengi juu ya kitu inatembea." Akanionyesha mahali kwenye kilima kidogo nyuma ya boma, ambapo ng'ombe hulala wakati wa mvua kwa sababu kwato hazizami. Nikapiga jembe mara tatu. Likagonga mwamba. Huo udongo niliusoma muhula mzima na profesa, na hakuna aliyenifundisha kuuliza ng'ombe wanalala wapi.

Jumatano tukipumzika akaniuliza, "Kwa nini unakimbia hivi? Nyumba haiendi."

Nikamweleza kitabu cha kijani, ukurasa mmoja, Achola na Ijumaa ya ndege. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mwanaume mmoja akipanda ndege, wewe si kitu?"

"Kwa karatasi, ndiyo hivyo."

Alichokora moto. Nilitaka kulia na sikutaka anione, nikajifanya moshi umeniingia.

"Chora ingine," akasema.

Hiyo ya pili hatukuichora mezani. Tuliichora kilimani, kwa miguu yake. Alitembea nikafuata nikidunga vigingi, na safari hii alivigonga yeye mwenyewe na jiwe. Chumba chake alikipima kwa kulala chini na kunyoosha mikono. Kisha akamwita mzee Kakuta, akamkalisha kwenye nyasi karibu na mahali pa mlango.

"Hapo utakaa," akamwambia, "ukingoja chai."

Mzee akajaribu kukaa, akageuka kidogo, akaona barabara ya Namanga yote kutoka hapo, mpaka Kitengela. Wale wote wanaopita wangemwona, na yeye angewaona. Akasema mahali si pabaya. Nilipopeleka ramani mpya Kajiado, karani aliiangalia akauliza masta imeenda wapi. Nikamwambia mwenyewe amekuwa mgeni, na karani, ambaye alikuwa mtu wa huko, akacheka akaipitisha siku hiyo hiyo.

Mwamba ulituokoa. Msingi uliokuwa uchimbwe wiki nzima ulikwisha siku mbili, na kozi ya kwanza, yaani safu ya kwanza ya mawe, ikalala Jumatatu. Tulifanya kazi wiki mbili zile kama watu wanaokimbizwa. Masila alivua ile kofia kwa mara ya kwanza. Mvua ilitunyang'anya siku mbili, na lori la mawe likazama kwenye ule udongo wa mzee Kakuta pale barabarani, likachukua siku ya tatu kutolewa. Kakenya alisimama akiliangalia likivutwa, kisha akamwangalia mumewe.

Ijumaa ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi, ukuta ulikuwa umefika chini ya madirisha. Kufika lenta zilibaki kozi nne pande zote, na hakuna mtu duniani ambaye angezijenga kabla ya jioni.

Achola, niliyekuwa nimemwita kwa matumaini tu, alikuja na teksi, masanduku yake ndani, koti la safari limekunjwa mkononi. Aliizunguka nyumba yote. Akashika timazi ya Masila, akapima kona tatu, akapima na ya nne.

"Nani alichagua hapa?"

"Yieyo," nikasema, nikamwonyesha Kakenya.

"Na mlango unaangalia huku kwa nini?"

"Upepo unatoka kule."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamletea kitabu kimefunguliwa. Akatoa kalamu. Kisha akainua macho akaangalia juu ya mlango, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila mawingu.

"Lenta iko wapi, nyara?"

"Wiki ijayo, mzee. Unaona mwenyewe inaenda."

"Sitii sahihi kwa hewa."

Hapo hasira yangu ikaamka na nikaiacha. "Umetia sahihi hewa maisha yako yote," nikamwambia. "Ile ngazi ya benki iko wapi? Zile ghorofa kumi za Westlands ziko wapi? Ulitia sahihi zote."

Masila akajisogeza mbali. Achola hakukasirika, na hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga kofi.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana naenda Gaborone nikiwa na miaka hamsini na sita. Hii moja nilitaka iwe kweli." Akarudisha kalamu mfukoni. "Niko na masaa mawili. Tunywe chai."

Kakenya alikuwa amesikiliza. "Hiyo lenta ni nini?" akamuuliza.

Achola akamweleza kwa adabu, akitumia mikono: kitu kinacholala juu ya mlango, kinabeba mzigo, ukuta usianguke.

"Ah," akasema Kakenya. Akachukua panga akaenda kwenye nyumba yake.

Tulidhani ameenda kutengeneza chai. Tukasikia panga. Tulipogeuka alikuwa amebomoa udongo wa juu ya mlango wake, ule niliosaidia kupaka kwa kiganja changu, na alikuwa anauvuta ule mti mweusi ulionigonga kichwa. Ulikuwa wa oloirien, mti mgumu ambao moshi wake husafisha vibuyu vya maziwa. Baadaye aliniambia aliukata mwaka aliomzaa Allan, kifungua mimba wake, na tangu hapo kila walipohama aliufunga juu ya punda wa kwanza. Ulikuwa umekaa juu ya milango saba.

Mzee Kakuta aliinuka akasema kitu kwa Kimaasai, haraka. Akajibiwa neno moja. Akakaa. Paa la nyumba ya zamani likashuka polepole upande wa mlango, vumbi likatoka.

"Yieyo," Masila akasema, "sasa utalala wapi?"

"Kwa hii," akasema, akionyesha nyumba isiyo na paa. Akauangusha ule mti miguuni pa Masila. "Pima."

Masila akapima. Mlango futi tatu, mti futi tano. Ungelala kila upande futi nzima. Hatukuhitaji kuinua ukuta wote, tulihitaji kuinua nguzo mbili tu za mlango, kozi nne huku, kozi nne kule. Injinia yeyote angeniondoa kwenye saiti hiyo kwa kufikiria tu. Nikamwambia Masila akoroge simiti.

Kakenya akamgeukia Achola, aliyekuwa bado amesimama na koti lake mkononi.

"Wewe umejenga ngapi?"

Achola akakohoa. "Nimechora zaidi ya arobaini."

"Sikuuliza hiyo."

Sijui alifikiria nini. Najua alilaza koti juu ya sanduku, akakunja mikono ya shati, akaanza kunipitishia mawe. Alipitisha vibaya mwanzoni, jiwe la pili lilimchuna kidole. Dereva wa teksi alipiga honi, halafu akachoka, halafu akaja kusaidia kubeba maji. Mzee Kakuta alishika kamba. Saa sita na nusu mti wa oloirien ulipanda juu ya mlango, Masila upande mmoja, mimi mwingine, na Achola katikati akiusukuma kwa viganja viwili. Masila akauwekea pima maji. Ukalala sawa.

Achola hakunawa mikono. Akaweka kitabu changu juu ya jiwe, akaandika polepole, na kidole kilichochunika kikaacha alama pembeni ya ukurasa. Mahali pa maoni ya msimamizi aliandika: Lenta imewekwa. Nimeiona. Nimeibeba. Kisha sahihi, kisha muhuri alioutoa mfukoni, wa mwisho kuupiga Kenya.

"Usianze kuuza bima," akaniambia, akapanda teksi. Ndege aliipata. Aliniandikia kutoka Gaborone kwamba alifika na simiti kwenye kucha.

Nikabaki nimekikumbatia kitabu kifuani, machozi yananitoka, na safari hii sikusingizia moshi. Kakenya akaja akasimama kando yangu, tukauangalia ule mlango uliosimama peke yake juu ya ukuta mfupi, na mti wake juu.

"Sasa umejenga ngapi?" akauliza.

"Moja, Yieyo."

"Nusu," akasema. "Paa bado."

Kitabu kilikuwa kimejaa, na sikuwa tena na sababu yoyote ya kurudi Kisaju. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa saiti kabla ya Masila.